Simba wa Shanga na siwa ya Lamu: Ufundi wa shaba uliokaribia kusahauliwa

KATIKATI ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Kenyatta Avenue, wamesimama wanaume watatu wa shaba ambao wapita njia wengi huwapita bila kuwatupia jicho. Ni ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Uliwekwa hapo mwaka 1928, nao ni kazi ya mchongaji wa Uingereza, James Alexander Stevenson. Maandishi yake ni ya lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili.

Anayeyasoma huenda akadhani kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza shaba ya kusubu na maneno ya Kiarabu kukutana katika ardhi ya Kenya. La hasha. Miaka zaidi ya 800 kabla ya Stevenson, katika mji wa Shanga kwenye kisiwa cha Pate, kulikuwa na simba wa shaba mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Mji huo ulikuwa wa Waislamu, wenye msikiti wa mawe, makaburi yaliyoelekezwa kibla na sarafu za fedha zenye majina ya Kiislamu.

Simba huyo amewatia wanahistoria katika mjadala ambao haujafungwa. Je, aliletwa na jahazi kutoka ng'ambo, au alisubiwa papa hapa pwani? Swali hilo ni zito kuliko umbo la sanamu yenyewe. Kwa muda mrefu kila kitu cha thamani kilichofukuliwa katika magofu ya Waswahili kilihesabiwa kuwa bidhaa ya wageni, na mwenyeji akaachiwa ukuta wa matumbawe na chungu cha udongo.

Kabla ya kuuingia mjadala huo ni vyema kuelewa neno lenyewe. Kiswahili hutumia jina moja, shaba, kwa madini ambayo lugha nyingine huyatenga. Shaba nyekundu ni ile safi, itokayo mgodini. Ikichanganywa na bati hupatikana shaba ngumu, yenye weusi kidogo, ndiyo wanayovishwa wanariadha wanaomaliza katika nafasi ya tatu. Ikichanganywa na zinki hupatikana shaba ya manjano, ing'aayo kama dhahabu ikisuguliwa, ndiyo ya masinia na misumari ya milango ya Lamu na Mombasa. Mafundi wa kale wenyewe hawakujali sana mipaka hiyo. Waliyeyusha walichokipata, mara nyingi wakaongeza risasi ili uji wa madini utiririke vizuri, na ndiyo maana hata wataalamu wa leo husita kusema kama chombo fulani ni cha shaba ya bati au ya zinki kabla ya kukipima katika maabara.

Lugha ya pwani imehifadhi pia majina ya vyombo vilivyofanywa kwa madini hayo. Chetezo cha kufukizia udi, mrashi wa kunyunyizia marashi, birika la kunawia mikono, kinara cha mshumaa, sinia la kuandalia chakula: hiyo ndiyo orodha ile ile ambayo mtu ataikuta akiingia katika chumba cha sanaa ya Kiislamu katika makavazi yoyote makubwa duniani. Mswahili wa Lamu hahitaji mkalimani kuelewa matumizi ya vyombo hivyo, kwani baadhi yake vimo sebuleni kwake.

KUTOKA HERAT HADI CAIRO

Ufundi wa shaba katika nchi za Kiislamu ulifikia kilele chake kati ya karne ya 11 na ya 14. Eneo la Khurasan, ambalo leo limegawanyika kati ya Iran, Afghanistan na Turkmenistan, ndilo lililoongoza. Katika mji wa Herat mafundi walibuni njia ya kuchimba mifereji myembamba juu ya chombo cha shaba, kisha wakapachika humo nyuzi na vipande vya fedha na shaba nyekundu kwa kugonga kwa nyundo. Chombo kikitazamwa kwa mwanga wa taa, nakshi hizo humeta kwa rangi tatu.

Kazi iliyo maarufu kuliko zote za Herat ni ndoo ya kuchukulia maji, ndogo isiyofikia urefu wa sentimita 20, iliyotengenezwa mwaka 1163 na ambayo sasa imo katika makavazi ya Hermitage mjini St Petersburg, Urusi. Mafundi wawili waliweka majina yao juu yake. Muhammad bin Abdul-Wahid ndiye aliyeisubu, na Masud bin Ahmad ndiye aliyeitia nakshi. Aliyetengenezewa hakuwa mfalme wala amiri, bali mfanyabiashara aliyesifiwa katika maandishi yake kuwa fahari ya wafanyabiashara. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na msomaji wa pwani, kwa maana miji ya Waswahili nayo ilijengwa na matajiri wa biashara, na mtu wa tabaka hilo ndiye aliyekuwa na uwezo na hamu ya kumiliki chombo cha namna hiyo.

Ufundi huo ulienea magharibi. Mjini Mosul, Iraq, fundi Shuja bin Mana alitengeneza mwaka 1232 birika lililojaa picha za wawindaji, wanamuziki na wapanda ngamia, ambalo limehifadhiwa katika British Museum jijini London. Baadaye kidogo Cairo na Damascus, chini ya watawala wa Kimamluk, zikawa ndizo zenye soko. Beseni moja la enzi hiyo, kazi ya Muhammad bin al-Zayn, lilifika Ufaransa na likaja kutumiwa kubatiza watoto wa ukoo wa kifalme. Wafalme wale walibatizwa ndani ya chombo cha fundi Mwislamu, na sasa kimo katika makavazi ya Louvre.

Wengi hushangaa wakisikia habari za picha za watu na wanyama katika sanaa ya Kiislamu. Ukweli ni kwamba misikitini na katika misahafu sanamu hazikuingia kamwe, lakini majumbani na katika kasri mambo yalikuwa mengine. Huko walitengenezwa ndege, farasi na hasa simba, ambaye kila mtu alimtambua kuwa alama ya ushujaa na utawala. Mfano bora ni chetezo chenye umbo la simba kilichosubiwa nchini Iran mnamo mwaka 577 wa Hijria, sawa na 1181 au 1182 wa Miladi. Kimo chake ni kama sentimita 85, mwili wote umetobolewa matundu ya nakshi ili moshi wa udi utoke, na kichwa hufunguliwa ili makaa yatiwe ndani. Jina la fundi, Jafar bin Muhammad bin Ali, limo katika maandishi ya mwilini mwake pamoja na jina la amiri aliyeagiza. Chetezo hicho kipo katika makavazi ya Metropolitan jijini New York.

Simba wa Shanga ana umri unaokaribiana na wa chetezo hicho. Mmoja ni wa amiri na mwingine ni wa mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi, lakini wote wawili ni wa dunia moja.

MALI INAYOJILA YENYEWE

Sababu iliyofanya vyombo hivi kuwa adimu ni rahisi. Kigae cha chungu kikivunjika hakina faida, hivyo hutupwa jaani na kumngoja mwanaakiolojia. Shaba haitupwi. Birika likitoboka hurudishwa kwa fundi, likayeyushwa, likatoka kinara, na kinara kikichakaa kikatoka sarafu au risasi ya bunduki. Katika miji ya pwani ambako kila ratili ya shaba ililetwa kwa jahazi au kwa miguu ya wapagazi kutoka bara, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuacha hata kipande kipotee. Idadi ndogo ya vyombo vya shaba inayopatikana katika magofu, kwa hiyo, si ushahidi kwamba havikuwepo. Yawezekana ni ushahidi wa jinsi vilivyothaminiwa.

Tabia hiyo haijaisha. Wakazi wa Nairobi wanakumbuka jinsi Rais Uhuru Kenyatta alivyopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu mnamo Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme na nyaya za reli kuhujumiwa. Marufuku hiyo ilidumu miezi michache kabla ya biashara kufunguliwa tena kwa masharti. Sheria ya kusimamia biashara hiyo ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 2015. Mzigo unaotafutwa zaidi na wanunuzi ni ule ule wa karne ya 12: shaba. Mnunuzi wa vyuma hupima kwa mizani, na mizani haijui tofauti ya waya wa umeme na chetezo cha babu.

SIMBA ALIYEFUKULIWA

Habari za Shanga zilianza kujulikana vyema kati ya mwaka 1980 na 1988, pale mwanaakiolojia Mwingereza Mark Horton alipoongoza uchimbaji huko. Mji ulianza katika karne ya nane na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wa mawe, wachimbaji walikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, hadi wakafika kwenye mashimo ya nguzo za miti ya msikiti wa kwanza kabisa. Ulikuwa kibanda kidogo cha mbao, kilichojengwa wakati Uislamu wenyewe ulikuwa haujatimiza karne mbili.

Simba wa shaba alipatikana katika tabaka la mwaka 1100 hivi. Mwaka 1988 Horton na Richard Blurton, mtaalamu wa sanaa ya India katika British Museum, waliandika makala juu yake katika jarida la Antiquity. Walionyesha kwamba mkao na mapambo yake hufanana na sanamu ndogo za shaba za India, zile ambazo hutumika katika ibada za majumbani. Hata hivyo, katika kichwa cha makala yao neno linalomaanisha "ya Kihindi" walilizingira kwa alama za kunukuu. Alama hizo mbili ndizo zilizobeba hoja. Sanamu ina sura ya India, lakini ilikuwa mikononi mwa watu wa Shanga, na huenda hata ilisubiwa pwani ya Afrika na fundi aliyeifahamu mitindo ya Bahari Hindi yote.

Wazo hilo lilipokelewa kwa tahadhari, na ilifaa iwe hivyo. Fundi hana budi kuwa na kalibu, tanuri, kijungu cha kuyeyushia na shehena ya shaba. Lakini hakuna lisilowezekana kati ya hayo. Watu wa Shanga walipiga sarafu zao wenyewe za fedha, ndogo sana, zenye majina ya watu na maneno ya kumtukuza Mungu kwa herufi za Kiarabu. Anayeweza kuchora maandishi ya kinyume juu ya muhuri wa chuma ili yatokee sawasawa kwenye sarafu yenye upana wa ukucha si mgeni wa kazi ya madini. Mwanajiografia al-Idrisi naye, akiandika katika karne ya 12, alitaja uchimbaji na biashara ya chuma katika miji ya Malindi na Mombasa.

Mjadala huu una sura yake ya Nairobi. Katika kitongoji cha Kileleshwa, magharibi mwa jiji, ziko ofisi na maktaba ya Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1960. Mkurugenzi wake wa kwanza, Neville Chittick, ndiye aliyefukua Kilwa na baadaye Manda, kisiwa jirani cha Pate. Vitabu vyake viwili, cha Kilwa cha mwaka 1974 na cha Manda cha mwaka 1984, ni nguzo ambazo hakuna anayeandika historia ya pwani anayeweza kuzikwepa. Chittick aliamini kwamba Manda iliasisiwa na wahamiaji kutoka Ghuba ya Uajemi. Taasisi hiyo hiyo ndiyo iliyochapisha mwaka 1996 kitabu kikubwa cha Horton juu ya Shanga, ambacho kinasema karibu kinyume: kwamba mji ulianza kama makao ya Waafrika, ukasilimu hatua kwa hatua na kujenga kwa mawe kadiri ulivyotajirika.

Mtu akiviweka vitabu hivyo juu ya meza moja ataona jinsi miaka 12 ilivyogeuza swali. Chittick alipookota kitu cha shaba aliuliza kimetoka bandari gani. Horton aliuliza ni nani hapa aliyekihitaji.

SARAFU ZA KILWA

Kama kuna kazi ya shaba ambayo hakuna awezaye kuwanyang'anya Waswahili, ni sarafu za Kilwa. Masultani wa mji huo, katika pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, walipiga sarafu za shaba kwa maelfu kuanzia karne ya 11 au ya 12. Upande mmoja waliandika jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zikasomwa kwa kina, kama ubeti. Desturi hiyo ya kuifanya sarafu iwe na vina haikuwa ya kawaida katika nchi nyingine za Kiislamu.

Sarafu hizo zilisafiri mbali. Moja ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, ishara ya njia ya dhahabu iliyounganisha bara na Kilwa. Tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mwanajeshi aliyekuwa zamu huko. Zilifikaje, hilo limezua dhana nyingi kuliko ushahidi.

Shaba nayo ilikuja kutoka mbali. Mwaka 2010 timu ya Wakenya na Wachina ilifukua huko Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya enzi ya mfalme Yongle aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Mwaka 2013 nyingine ya mfalme huyo huyo ilipatikana Manda na timu iliyoongozwa na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, pamoja na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Magazeti ya wakati huo yaliandika zaidi juu ya manahodha wa China. Fundi wa pwani angeitazama sarafu hiyo kwa jicho jingine: kwake ilikuwa pia kipande cha shaba nzuri, tayari kwa kijungu.

VITI VYA MALINDI

Ushahidi wa maandishi ni mchache, lakini upo mmoja ulio wazi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mnamo Aprili 1498, mmoja wa wenzake aliandika katika kumbukumbu za safari jinsi mfalme wa mji alivyokuja kuwapokea. Mfalme alivaa joho la hariri lenye pindo la kijani, akaketi juu ya viti viwili vya shaba vilivyotandikwa mito, chini ya mwavuli wa duara wa hariri nyekundu. Mzee mmoja alimshikia upanga wenye ala ya fedha. Wapiga tarumbeta walikuwepo, na pamoja nao siwa mbili za pembe za ndovu, zenye nakshi, ndefu kama mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni.

Viti hivyo havipo tena. Hakuna anayejua vilikoishia, na si vigumu kukisia. Ila yule Mreno, ambaye hakuwa na sababu ya kuwasifu Waislamu aliokuwa akitafuta njia ya kuwapokonya biashara, ametuachia picha ya ikulu ya Kenya ya miaka zaidi ya 500 iliyopita, ambamo shaba, fedha na pembe zilikuwa na mahali pake katika itifaki. Mfalme aliketi juu ya shaba na kutangazwa kwa pembe. Katika mji wa Lamu mambo yalikuwa kinyume, kwa kuwa huko shaba ndiyo iliyolia.

SIWA YA LAMU

Siwa ya Lamu ni baragumu kubwa la shaba, lililopinda kama jino la ndovu, lenye nakshi na maandishi ya Kiarabu mwilini. Kama zile za Malindi, hupulizwa ubavuni, wala si nchani. Kwa umri haiingii katika zama za kati, kwani watafiti wengi huihesabu kuwa ya mwisho wa karne ya 17 au mwanzo wa iliyofuata. Lakini ufundi wake na mtindo wa nakshi zake ni urithi wa zama hizo, na hakuna kazi ya shaba ya Waswahili iliyobaki ambayo inaweza kulinganishwa nayo. Ndugu yake, siwa ya Pate ya pembe za ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, iko pamoja nayo katika Makavazi ya Lamu, jumba la ufukweni ambalo zamani lilikuwa makazi ya maafisa wa utawala wa kikoloni.

Siwa haikuwa ala ya muziki tu. Ilikuwa kiti cha enzi kinachotoa sauti. Haikupulizwa ila katika harusi, jando na sherehe za waungwana, na asiyekuwa wa tabaka hilo hakuthubutu kuiomba. Mji uliopoteza siwa yake ulijiona umevuliwa nguo.

Masimulizi ya Pate yanaeleza asili ya siwa ya pembe kwa kisa cha mwanamke, Mwana Darini. Baada ya ugomvi na sultani ulioiacha nyumba yake na msiba, ukoo wake ulipofika wakati wa kufanya sherehe ya jando ulinyimwa siwa ya shaba ya utawala. Mwana Darini hakubembeleza. Alimwita fundi, akamwagiza achonge siwa nyingine ya pembe, na sherehe ikafanyika kwa sauti iliyosikika mji mzima. Masimulizi kama haya hayapaswi kusomwa kama hati ya mahakama. Hata hivyo, yanaonyesha mambo mawili ambayo waandishi wa zamani hawakuyatilia maanani: kwamba siwa ya shaba ilitangulia, na kwamba mafundi wa kutimiza agizo zito la aina hiyo walipatikana papo hapo, kwa jina, bila kuagizwa Shiraz wala Surat.

Mtafiti James de Vere Allen, aliyekuwa mhifadhi wa Makavazi ya Lamu, ndiye aliyeziandikia siwa hizo mbili makala ya kina mwaka 1976. Tangu hapo hoja kwamba ni kazi ya wenyeji haijapata mpinzani mwenye uzito.

NTA NA UDONGO

Jinsi ya kusubu shaba yenye umbo gumu haijabadilika sana kwa miaka elfu kadhaa. Fundi huanza kwa kufinyanga umbo la nta, akalichora kila unywele anaoutaka uonekane. Kisha hulifunika kwa udongo laini, tabaka baada ya tabaka, akiacha vijia vya kuingizia madini na kutolea hewa. Kalibu ikikauka hutiwa motoni, nta ikayeyuka na kutoka, ikaacha uwazi wenye umbo lile lile. Hapo ndipo shaba iliyoyeyuka humiminwa. Ikipoa, udongo huvunjwa. Kazi ikiharibika hakuna ya pili, kwani nta imekwenda na kalibu imevunjwa.

Kwa vitu vikubwa huwekwa kiini cha udongo ndani ya nta ili sanamu iwe na uwazi tumboni, la sivyo ingekuwa nzito na ingepasuka ikipoa. Kile chetezo cha Iran kilihitaji uwazi huo. Simba wa Shanga, kwa udogo wake, hakuwa na haja nao.

Anayetaka kuona kazi ya namna hiyo ikifanyika leo hahitaji kusafiri hadi Herat. Katika vitongoji vya magharibi na kusini magharibi mwa Nairobi, upande wa Karen na Langata, kiwanda cha Matbronze kimekuwa kikisubu sanamu za wanyama pori kwa njia hiyo hiyo ya nta, wakiwemo simba. Wanunuzi wake wengi ni watalii na wapenzi wa wanyama, na mtindo ni wa Kizungu, wenye kufuata umbile la mnyama msuli kwa msuli. Fundi wa Shanga hakutafuta msuli. Simba wake ni wa mapambo, simba wa fikra.

Katikati ya jiji nako shaba imerejea katika siasa, kama ilivyokuwa enzi za siwa. Sanamu ya Dedan Kimathi, kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Februari 2007 katika makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina. Sanamu ya Tom Mboya ilifuata mwaka 2011 katika barabara ya Moi. Zote mbili ni za shaba, na ziko umbali mfupi kutoka kwa wale askari watatu wa Stevenson.

MAHALI PA KUTAZAMIA

Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi, yaliyo kwenye mlima wa Museum Hill, yalianzishwa mwaka 1910 na jumuiya ya wapenzi wa elimu ya viumbe, na yakafunguliwa mahali yalipo sasa mwaka 1930. Chimbuko hilo lina athari yake. Kwa miongo mingi ndege, mifupa na visukuku vya binadamu wa kale ndivyo vilivyopewa vyumba vikubwa, na utamaduni wa pwani ukaachiwa makavazi ya Fort Jesus na Lamu. Ukarabati ulioanza mwaka 2005 na kumalizika 2008 ulipanua sehemu ya historia ya Kenya, lakini kwa mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kuielewa miji ya Waswahili, safari ya pwani bado haina mbadala.

Karibu na makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway liko jumba la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya utawala wa mkoa. Humo mna sehemu ya mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966 na ambaye aliacha siasa akashughulika na vitabu, stempu na sanaa ya Afrika. Murumbi alielewa mapema jambo ambalo serikali ilichelewa kulielewa, kwamba vitu hivyo vikiondoka nchini havirudi.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza mtu kusafirisha nje vitu vya kale bila kibali, na inamtaka anayegundua kitu cha aina hiyo atoe taarifa. Sheria ni nzuri, ila inamlinda simba aliyekwisha kufukuliwa kuliko aliye bado ardhini. Mkulima wa Pate au mvuvi wa Kiunga akikiona kipande cha shaba iliyoota kutu ya kijani, ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni ofisi ya makavazi, ambayo huenda iko mbali kwa mashua. Ya pili ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye hulipa papo hapo na hupita kijijini mwenyewe.